Saa za vikao: wafanyakazi wa Bunge nao hushikwa na njaa

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu wa kimya kwa miaka mingi, lakini ile habari yenu ya wabunge kuvutana kuhusu saa za vikao na mapumziko ya wafanyakazi imenishinda kuinyamazia. Mliwapa nafasi wanaotaka kikao kiendelee hadi kazi iishe, mkawapa na wanaotaka kufika nyumbani mapema. Mfanyakazi mwenyewe alitajwa mwishoni kabisa, kama kiti kinachotafutiwa pa kuwekwa.

Bunge la Kitaifa la Kenya lina wabunge 349, Spika kando, na Kifungu cha 121 cha Katiba kinataka 50 tu ili akidi, yaani idadi ya chini ya wabunge ya kuendesha kikao, itimie. Kwa hiyo mbunge akishikwa na njaa humwinamia Spika, akatoka, akanywa chai, akapiga simu zake, na shughuli zikaendelea bila yeye. Kengele ya akidi ikilia, anarudi. Karani aliye mezani hawezi kuinuka anavyotaka. Mhudumu wa mlangoni vilevile. Watu wa Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge, hupokezana zamu, nakubali, lakini wakitoka ukumbini bado wana kazi ya kuyaandika waliyoyasikia. Hoja ya kuongeza muda ikipita, walioitikia "ndiyo" ni wale wanaoweza kuondoka. Wasioweza kuondoka hawana kura.

Nayasema haya kwa kuwa niliyaishi. Nilikuwa mwandishi wa kumbukumbu katika taasisi moja ya umma hapa katikati ya jiji. Siku moja kamati iliitwa saa tatu asubuhi, ikaanza karibu saa tano kwa kuwa wanachama hawakuwa wametosha, kisha ikaamua kuendelea mpaka ajenda zote ziishe. Sisi waandishi tulikuwa tumekwisha kuketi tangu saa mbili. Mwenzangu alikuwa ametoka likizo ya uzazi majuzi tu. Kufikia saa kumi blauzi yake ilikuwa imelowa maziwa kifuani, amejiziba kwa faili, mkono mmoja unaandika. Aliomba ruhusa ya dakika chache. Mwenyekiti akamwambia avumilie, tunamaliza sasa hivi. Tulimaliza saa moja usiku! Na mchana kutwa wanakamati hao walikuwa wakitoka na kuingia, chupa za chai zimepangwa nyuma ya viti vyetu, tunasikia zikibonyezwa na vikombe vikijaa, wala hakuna hata mmoja aliyegeuka kutuuliza kama tumekula. Kesho yake mwenyekiti huyo huyo alimrudishia kumbukumbu akilalamika kwamba kurasa za mwisho zina makosa ya chapa. Mwenzangu alilia chooni, nami nilikuwa mlangoni nikimzuilia watu.

Sheria ya Afya ya 2017 inampa mama anayenyonyesha muda wa kufikia saa moja katika kila saa nane za kazi, mbali na mapumziko ya chakula, na inamtaka mwajiri atenge chumba. Ilipitishwa na Bunge. Agosti 2019, Mheshimiwa Zuleika Hassan, aliyekuwa Mwakilishi wa Wanawake wa Kwale, alipotolewa ukumbini pamoja na mtoto wake wa miezi mitano, nchi ilichemka, na ilistahili kuchemka. Lakini sikusikia mtu akiuliza mama anayefagia kumbi hizo humwachia nani mtoto wake kikao kikiingia usiku.

Tena akishatoka usiku huo, kuna shida ya gari la matatu la kumrudisha nyumbani. Mkaazi wa Kayole au Githurai akifika stendi saa mbili usiku anakuta nauli imepanda, na mvua ikidondoka makanga anaitisha bei nyingine kabisa hapo mlangoni.

Tume ya Huduma za Bunge, ambayo mwenyekiti wake ni Spika wa Bunge la Kitaifa, ifanye hivi. Hoja ya kuongeza muda isiulizwe kabla karani hajasoma kwa sauti, ikaingia kwenye Hansadi, ni wafanyakazi wangapi wako kazini tangu asubuhi na mara ya mwisho walipumzika saa ngapi. Kila baada ya saa mbili kikao kisimame nusu saa, ukumbi ufungwe, siwa, lile rungu la mamlaka ya Bunge, itolewe, ili pasiwe na wa kusema "tuendelee kidogo tu." Na kikipita saa moja usiku, basi la kuwapeleka wafanyakazi hadi mitaani kwao liwe limeegeshwa nje kabla kura haijapigwa.

Nanyi, ripota wenu akirudi Bungeni awaache wabunge kidogo, awatafute wahudumu wa milangoni na makarani, awaulize siku hiyo walikula saa ngapi, kisha mchapishe majibu yao.

Mwandishi wa kumbukumbu mstaafu,
Kayole, Nairobi