Picha za mitaani ziandikwe jina, mahali na tarehe

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo lililonikaa moyoni tangu nilipoanza kutembea na kamera mtaani kwetu, katika mji ulio kando ya bahari. Miji ya namna hii hupigwa picha nyingi, lakini nyingi kati ya hizo huelekezwa upande mmoja tu, kwenye jua linalozama na mawimbi yanayopasuka mwambani. Ukiipa bahari mgongo ndipo unapouona mji wenyewe: nguo zimeanikwa madirishani, watoto wanarudi kutoka shule viatu vikiwa mikononi, na fundi anakwangua lango la chuma lililoliwa na chumvi.

Asubuhi moja nilimkuta mzee akishona wavu. Alikuwa ameunasa kwa kidole gumba cha mguu ili usilegee, na kila alipofunga fundo alipima tundu kwa kijiti kabla ya kwenda kwenye tundu la pili. Nilimwomba ruhusa, akakubali bila kuinua macho, nikapiga picha, nikaenda zangu. Miaka miwili baadaye nilipomrudia ili nimpe nakala yake, sikumkuta, wala sikuwa na jina la kumuulizia. Nilichokuwa nimeandika chini ya picha ile ni neno moja tu, "mvuvi". Kosa hilo ni langu, na linaniuma hadi leo.

Kosa lenyewe ni la zamani. Mwaka 1838 Louis Daguerre, Mfaransa aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa upigaji picha, alipiga picha ya barabara ya Boulevard du Temple jijini Paris. Kwa kuwa kamera ya wakati huo ilihitaji dakika kadhaa kunasa mwanga, watu na magari ya farasi waliokuwa wakipita hawakuonekana kabisa, akabaki mtu mmoja aliyesimama akisafishiwa viatu. Huyo anatajwa kuwa miongoni mwa binadamu wa kwanza kuonekana katika picha, lakini hakuna anayejua jina lake. Miaka michache baadaye, katika kijiji cha wavuvi cha Newhaven, karibu na Edinburgh huko Uskoti, David Octavius Hill na Robert Adamson waliwapiga picha wavuvi na wanawake wachuuzi wa samaki. Mmoja wa wanawake hao tunamfahamu hadi sasa kuwa ni Elizabeth Johnstone Hall, na kwa sababu hiyo anayemtazama leo anakutana na mtu, hatazami tu vazi na kapu.

Simu za siku hizi huhifadhi tarehe ndani ya picha, lakini mara nyingi tarehe hiyo hupotea picha inapotumwa huku na kule, kwa hiyo ni lazima iandikwe kwa mkono wa mpigaji. Kuuliza jina kuna faida nyingine ambayo naiona kubwa zaidi: anayekutajia jina lake anajua kwamba amepigwa picha, na asiyetaka hupata nafasi ya kukukatalia, nawe huna budi kumheshimu. Kwa watoto, wa kuulizwa ni wazazi, na majina ya watoto hao yasichapishwe.

Ndiyo maana nakuomba, Mhariri, uachane na maelezo ya picha yanayosema "wakazi wakiendelea na shughuli zao". Shughuli gani, mtaa upi, mwaka gani? Aidha, ukitenga kona ndogo ya picha za mitaani kutoka kwa wasomaji, weka sharti kwamba isichapishwe picha ambayo mpigaji hawezi kueleza ni ya nani, ni ya wapi na ilipigwa lini. Ninazo chache zinazotimiza sharti hilo, na nitazileta kwa furaha. Ile ya mshona wavu nitaiacha kando kwanza, kwa kuwa bado naulizia jina lake pale ufukweni kila ninapopita.

Msomaji wako,
Mpiga picha wa mtaani