Si ushairi uliowashinda vijana

Mhariri,

Gazeti lenu nalinunua kila Jumamosi pale Mwembe Tayari, na miaka yote hiyo sijapata kuwaandikia. Lakini ile taarifa yenu kwamba vijana wa Pwani wameyaacha mashairi kwa kuwa ni magumu na ya kale imenikwama kooni. Nimeisoma mara mbili nikitafuta jina la mshairi Abdilatif Abdalla, sikuliona. Vipi mtu aandike habari za ushairi Mombasa amruke mwana wa mji huu huu?

Mwandishi wenu na alisome shairi lake "Mamba". Mamba yuko mtoni, kiburi kimemjaa, ajigamba kuwa ataishi dahari. Nani asiyemjua mamba wa namna hiyo? Muuza mahamri anamjua, makanga wa matatu anamjua. Na mwenye kuyatunga hakuwa amekaa kitako na kalamu ya dhahabu. Alifungwa 1969 kwa sababu ya waraka aliouandika, "Kenya: Twendapi?", akakaa jela hadi 1972, na tungo zake akaziandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Mwaka 1973 zikatoka kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mtu aliye katika dhiki ile bado akaweza kutuchekesha, katika shairi jingine, kwa Alii na Badi wanaogombania mnazi!

Huo mnazi ndio ulionitia uchungu. Mjukuu wangu yuko kidato cha tatu. Usiku mmoja tulilisoma shairi hilo barazani, mimi Alii, yeye Badi, tukabishana kwa sauti hata dada yake akatoka jikoni na mwiko mkononi ajue nani ataupata. Kijana alicheka, kisha akanyamaza, akaniuliza, "Bibi, kwani hawa wanagombania mnazi kweli?" Swali hilo ndilo ushairi, Mhariri. Wiki ile ile shuleni wakaambiwa kila mmoja achambue shairi alipendalo. Akaandika kurasa tatu: nani ana haki, nani ana hila, na ugomvi ule unafanana na upi aliouona mtaani kwetu. Akapewa alama mbili kwa ishirini. Hakutaja mizani! Hakutaja vina vya kati! Na jina lenyewe la shairi, "Mnazi: Vuta N'kuvute", likazungushiwa wino mwekundu, pembeni pameandikwa "nikuvute". Yaani mtoto wa Mvita amesahihishwa lahaja yake ya Kimvita, aliyoitumia malenga wa Mvita, ndani ya Mombasa. Tangu siku hiyo kitabu hajakigusa. Sasa niambieni, ni ushairi uliomshinda au ni wino ule?

Na harusi zetu nazo. Ahmad Nassir, ndugu yake Abdilatif, alikuwa akimtungia mwimbaji wa taarab Juma Bhalo maneno, na watu walikuwa wakiyasikiliza neno kwa neno, mtu akiguswa anainuka kwenda kutuza. Siku hizi maspika yanawekwa mpaka vikombe vinatetemeka mezani, hakuna anayejua kilichoimbwa. Sisi wazazi ndio tunaoyalipia.

Ombi langu ni hili. Pale feri ya Likoni, watu wanaposimama kungoja, pana kuta. Kila Jumatatu pachorwe ubeti mmoja wa Abdilatif, rangi ya buluu juu ya nyeupe, herufi kubwa za kusomeka na aliyebeba mzigo kichwani. Maelezo yasiwekwe, wala hesabu ya mizani. Watu waulizane wenyewe mamba ni nani mpaka feri itie nanga. Na mwalimu asishike kalamu nyekundu kabla hajalisoma shairi kwa sauti mara mbili mbele ya darasa lake.

Rangi ya ubeti wa kwanza nitainunua mimi, kopo la lita nne. Nataka ruhusa tu ya ukuta.

Bibi wa Kibokoni,
Mombasa