Kuhusu dripu yako ya kila mwezi

Mwanangu,

Uliniuliza kwa nini uendelee na dripu ilhali sainasi bado zinakusumbua. Jambo hili ni refu kwa simu, ndiyo maana nakuandikia.

Mwili wako hautengenezi kingamwili za kutosha. Imunoglobulini unayopewa kwenye dripu ni kingamwili za wenzako: huchujwa kutoka kwenye plazma, yaani majimaji ya damu, ya watu zaidi ya elfu moja, ikachanganywa na kusafishwa. Ni kinga ya kuazima, nayo hupungua. Baada ya wiki 3 hivi nusu yake imekwisha. Kwa hiyo ukiona unachoka na makamasi yanageuka rangi siku chache kabla ya dozi, hujidanganyi. Mwambie daktari, apime IgG, ile aina kuu ya kingamwili katika damu, kabla hujatundikiwa nyingine. Huenda akaongeza dozi au akapunguza siku za kungoja.

Sasa sainasi. Dawa hii karibu yote ni IgG, ambayo kazi yake kubwa ni ndani ya damu na mapafuni. Utando wa pua hulindwa zaidi na IgA, aina nyingine ya kingamwili, na hiyo kwenye chupa karibu haimo. Ndiyo maana nimonia zilikuacha, lakini pua ina ukaidi wake. Dawa haijashindwa, mwanangu. Usiiache.

Pua uendelee kuisafisha kwa maji ya chumvi, na maji yawe yamechemshwa yakapoa. Ya bomba moja kwa moja, hapana! Kuna amiba, ingawa ni nadra, anayepitia puani hadi kwenye ubongo.

Kichwa kikikuuma wakati wa dripu, mwambie muuguzi aipunguze kasi, usijikaze bure. Kunywa maji ya kutosha tangu jana yake. Kisipokoma, ulizia sindano za chini ya ngozi: dozi ndogo kila wiki, unajichoma mwenyewe nyumbani, na wengi hawapati maumivu hayo. Wala si mtindo mpya. Mwaka 1952 Ogden Bruton, daktari wa Marekani, alipoandika habari za mvulana wa miaka 8 asiye na kingamwili, alikuwa akimchoma chini ya ngozi.

Rafiki yako anayetaka dripu kama yako kwa sababu ya mafua, mwambie akapimwe kwanza. Wengi wenye sainasi sugu wana mzio au vinyama vya pua, na dripu haitawafaa kitu.

Majibu ya IgG yakitoka, nitumie.

Mama yako