Mama Baraka, Aganze hakupona

Bukavu, Nguba
Jumapili jioni

Mama Baraka wangu,

Salamu nyingi, wewe na Baba Baraka na watoto wote. Sisi tuko, Mungu anatusaidia. Baba Aganze anakusalimu, mgongo bado unamuuma na habari za daktari bado hataki kuzisikia. Pesa ni ngumu, sambaza, vile visamaki vya ziwani, zimepanda bei tena, mengine unayajua mwenyewe kwa sababu najua huko Goma ni yale yale.

Sauti uliyonitumia Ijumaa nimeisikiliza na kuirudia. Nilitaka kukujibu kwa sauti pia, nikaona nitalia tu, na umeme wenyewe umekatika. Afadhali niandike.

Unasema Mama Ornella amekuambia Aganze wangu amepona usonji, ile wanayoita autisme. Unaniomba jina la dawa kwa ajili ya Baraka wako wa miaka mitano ambaye haongei, au kama si dawa, jina la mchungaji. Dada yangu, hakuna dawa wala mchungaji. Aganze hakupona. Aganze amekua, ana miaka 16, na ule usonji wake umekua pamoja naye, ukabadilika sura. Mama Ornella alimwona dakika kumi sebuleni, akamwona anasalimia na kujibu, akaondoka na habari njema. Simlaumu, ana moyo mzuri. Lakini hakumwona Aganze alivyokuwa baada ya yeye kuondoka.

Halafu mwishoni kabisa wa sauti, haraka haraka, kama mtu anayetaja bei ya mkaa, unasema mama mkwe anataka Baraka apelekwe chumba cha maombi akafunge chakula. Hilo ndilo limeninyima usingizi. Nitalirudia.

Unamkumbuka Aganze wa miaka mitano, tulikaa parseli moja, ua mmoja, pale Kadutu kabla hujaolewa. Ukimwita hageuki. Vifuniko vya chupa vimepangwa kutoka mlangoni hadi kitandani, na ole wake atakayekanyaga. Kengele ya kanisa ikilia anajitupa chini. Fufu ikiguswa na sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, basi sahani nzima hailiki. Na maneno yake yote yalikuwa ya konvoyeri wa taksibisi anayeita abiria wa kutoka Essence kwenda Panzi: "Essence-Panzi, Essence-Panzi, mmoja bado!" Akiwa na njaa, Essence-Panzi. Akisikia usingizi, Essence-Panzi. Ulicheka hadi machozi siku alipomjibu padri hivyo hivyo. Mimi wakati ule sikuweza kucheka. Sasa nacheka.

Kumbe maneno yale yale ndiyo yaliyotutoa. Karibu na miaka saba akaanza kusema "Panzi" peke yake, na ilimaanisha kwa shangazi yake, maana shangazi anakaa Panzi. Baadaye "Panzi leo." Baadaye "Panzi hapana, mvua." Yule mwanasaikolojia aliyetusaidia alikuwa ametuambia tusimkataze kurudiarudia, kwamba watoto wengi wenye usonji hushika kwanza kipande kizima cha maneno, ndipo wanakikata polepole na kukitumia kwa mambo yao. Sasa wewe unaniambia Baraka haongei, na baada ya sekunde chache unasema anaimba tangazo lote la redio bila kukosea. Huyo mtoto anaongea, Mama Baraka. Bado hajapata tu namna ya kukuongelesha wewe.

Na usikubali mtu akuambie miaka mitano imeshapita, basi. Mtoto wa dada yangu anayesoma saikolojia alinitafutia utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2013. Walichukua watoto 535 wenye usonji ambao walipokuwa na miaka 4 walikuwa nyuma sana katika kuongea. Walipofika miaka 8 au zaidi, asilimia 70 walikuwa wanaunganisha maneno, na asilimia 47 walikuwa wanaongea vizuri kabisa. Nimeiandika karatasi hiyo na kuiweka ndani ya Biblia yangu. Ndiyo, wako pia ambao hawakufika huko, na nitakuwa mwongo nikiwaficha. Wao pia wana mama.

Sasa nikueleze yaliyolegea, maana ndiyo uliyouliza.

Mikono: alikuwa anaipiga hewani akifurahi. Siku hizi ana kitufe cha shati mfukoni, anakisugua kwa kidole gumba, mtu haoni. Chakula: sambaza anakula, ndizi anakula, sombe anakula ila kwenye sahani yake ya peke yake, na mimi sioni shida, sahani tunazo. Kelele bado zinamuumiza, tofauti ni kwamba sasa anazijua kabla hazijamfikia. Kwaya ikianza kufungua spika zile kubwa anasimama taratibu, anatoka nje, anarudi wakati wa mahubiri. Vifuniko vya chupa vimekwenda na nafasi yao imechukuliwa na maboti. Anajua kila boti ya Goma inaondoka saa ngapi, imechelewa mara ngapi, injini yake inalia vipi. Ukitaka kusafiri usiulize bandarini, muulize yeye. Kilichokataa kulegea ni njia. Ya kwenda masomoni lazima iwe ile ile, na salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, ikifunga barabara, siku hiyo nzima ni matata.

Unaona? Nikikuambia amepona nitakuwa nimesema uongo, na nikisema ni yule yule wa Kadutu nitakuwa nimesema uongo mwingine. Kule California, Chuo Kikuu cha UC Davis, walifuata watoto 125 kutoka miaka 3 hadi 6. Karibu watatu kati ya kumi, dalili zilipungua. Zaidi ya nusu walibaki vile vile. Waliobaki, chini ya wawili kati ya kumi, zilizidi. Na mwaka 2013, ule wa utafiti wa wale 535, kikundi kingine cha watafiti kiliandika habari za vijana 34 waliokuwa na usonji wa hakika wakiwa wadogo na ambao baadaye vipimo havikuwaonyesha nao tena. Kwa hiyo hao pia wapo. Lakini ni wachache, na hakuna atakayemtazama Baraka leo akakuambia ataangukia upande gani. Anayekuahidi, mwogope.

Nirudi kwa yule Aganze ambaye Mama Ornella hakumwona. Huko sekondari walimu wananiambia, "Mama, mtoto wako ni mpole, hana shida tena." Hana shida kwa sababu ameweka nguvu zake zote katika kutokuwa na shida. Anajilazimisha kutazama watu machoni. Anakariri maswali ya kuuliza wenzake wakati wa mapumziko, nimeyakuta nyuma ya daftari: "Umeamkaje, mpira uliuona, kaka yako yuko?" Akifika nyumbani anavua viatu, anaingia chumbani, anajifunika blanketi kichwani mpaka giza liingie. Siku za kwanza wadogo zake walidhani ni mgonjwa. Sasa wanajua yaya, kaka yao mkubwa, anapumzika. Wanasema wasichana ndio hujificha hivi zaidi, hata wengine wanafika utu uzima bila mtu kujua. Nimeanza kumwaza mtoto wa yule rafiki yetu wa kwaya, yule anayesifiwa kwa ukimya wake... basi, hilo tutaongea tukionana.

Ndiyo maana sifa ya "siku hizi hata haonekani" hainifurahishi kama zamani. Nauliza: kwa gharama gani? Nafurahi anapojua kuomba maji, anapojua kusema "kelele zimenizidi, natoka." Hiyo ni faida yake mwenyewe. Kuficha mikono ni faida ya wanaomtazama.

Na vilivyolala vinaweza kuamka. Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu, masomo yalifungwa, risasi zililia, maboti yalisimama. Hapo ratiba yake yote ilivunjika kwa siku moja. Aganze aliyekuwa anajibu maswali ya kemia alirudi kupiga mikono hewani, alikataa nguo yoyote isipokuwa fulana moja ya bluu, na usiku nilimsikia gizani: "Essence-Panzi, Essence-Panzi." Mwili wangu uliganda. Baba Aganze alisema tumempoteza tena. Lakini hatukuwa tumempoteza. Alikuwa na hofu kama sisi, na hofu yake ilipita njia anayoijua tangu utoto. Tulimpangia siku upya: uji saa ileile, kuteka maji, kusoma, kuandika majina ya maboti. Polepole akarudi. Nakuambia hili kwa sababu najua Goma mlipitia yenu mwezi mmoja kabla, na wewe unasema Baraka alikuwa na maneno matatu kisha yakapotea. Ulimwambia daktari ni lini yalipotea? Mwambie. Mwambie pia kwamba kulikuwa na vita, na mwombe ampime masikio kwanza, ili tujue anasikia sawasawa.

Ujana nao una yake. Aganze ameanza kujijua. Siku moja tunachambua maharage akaniuliza, "Mama, kwa nini wenzangu wanajua wakati wa kucheka?" Nilimweleza yote, na jina la hali yake nikamwambia. Alinyamaza, kisha akauliza kama na mimi ninayo. Tangu hapo ana siku za huzuni ambazo hakuwa nazo akiwa mdogo, na mwanasaikolojia anasema ni jambo la kuangaliwa kwa makini, vijana wengi wa aina yake hubeba wasiwasi na huzuni nyingi umri huu. Jambo lingine, uliweke tu akilini: kifafa kwa watoto wenye usonji ni kingi kuliko kwa wengine, na kinaweza kuanza hata wakati wa kubalehe. Siku ukimwona Baraka ameduwaa, macho yamekwama, hasikii hata ukimgusa, usiseme ni tabia yake. Ni hospitali. Na usimpeleke kwingine kabla ya hospitali.

Ndiyo, nimerudi kwenye chumba cha maombi.

Mimi ninasali, unanijua, na Baraka yuko katika maombi yangu kila asubuhi. Mtu akitaka kumwombea, amwombee akiwa ameshiba, amekaa mapajani mwako. Lakini kumlaza njaa mtoto wa miaka mitano, kumfungia na watu wanaopiga kelele usiku kucha, mtoto ambaye hata redio ya jirani inamliza! Halafu akipiga mayowe, watasema ni pepo. Na likishatamkwa neno mchawi juu ya mtoto, nani atalifuta mtaani? Mwambie Baba Baraka, maana ndiye anayepaswa kusema na mama yake, kwamba sheria ya nchi yetu ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inakataza kumsingizia mtoto uchawi na inamwadhibu anayefanya hivyo. Amwambie kwa heshima, lakini amwambie.

Kuna Mmarekani mmoja, Donald Triplett, wa mji mdogo wa Forest, Mississippi. Alikuwa wa kwanza katika watoto 11 wenye usonji ambao daktari Leo Kanner aliandika habari zao mwaka 1943. Alipokuwa mdogo sana wazazi walishauriwa wamweke katika taasisi, wakamweka, kisha wakaenda wakamchukua. Mtoto huyo alikuja kufanya kazi benki, kuendesha gari, kucheza gofu, kusafiri nchi nyingi peke yake. Alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Sikufichi, familia yake ilikuwa na mali, benki yenyewe ilikuwa yao. Lakini pia mji wote ulimzoea, na tabia yake ya kumpachika kila mtu namba, kama jina, hakuna aliyeipigia kelele. Kanner alipowafuatilia wale 11 mwaka 1971, aliona waliobaki wamefungiwa katika taasisi kubwa za serikali walikuwa wamefifia, wamekaa tu. Nikisoma hapo namwona Baraka katika kile chumba. Umeelewa kwa nini sikulala?

Nimeongea na Baba Aganze. Masomo yakifunga, njoo naye hapa. Njoo kwa boti ya mchana, Aganze atakuandikia ipi haina kelele nyingi. Mtalala chumba cha wasichana, na yule mwanasaikolojia nitamwomba akuone.

Sasa nijibu, na usinijibu kwa "tuko sawa" zako. Mama mkwe amepanga siku gani? Baba Baraka yeye anasemaje, au ananyamaza kama kawaida yake? Baraka analala usiku? Anakula nini na nini, hata kama ni mkate mtupu? Akitaka kitu anakushika mkono akupeleke, au analia tu? Ni tangazo gani hilo analoimba, na analiimba saa ngapi? Na wewe, nani anakushikia mtoto ili uoge, ulale kidogo? Merveille anamwonaje mdogo wake? Umemwambia mtu yeyote huko, au ni mimi tu?

Nijibu kabla ya Jumatano. Usipojibu nitampigia mume wako, na unajua nitampigia kweli.

Wako,
Mama Aganze

N.B. Ukija, leta jibini ya Masisi, donge moja zima. Hapa wanatuuzia vipande na bei ya dhahabu.