Shoga, kuhusu ile filta ya baba

Mwanaidi shoga yangu,

Pole na mizunguko ya hospitali, na baba mpe shikamoo yangu. Nimesikiliza voisi yako, eti umeiona filta ya mashine baada ya dayalisisi, yaani kule kusafishwa damu, ina mistari myekundu ndani ukaogopa, na unauliza kwa nini kila akiunganishwa lazima apewe heparini, ile dawa ya kuzuia damu isigande. Nakujibu kwa kuandika ili uwe unarudia kusoma, maana hapo ndo pananivutia kuliko pote kwenye kazi hii.

Ile filta ndani ina vijimrija vya plastiki, elfu kumi na kuendelea, kila kimoja upana wake ndani ni kama milimita 0.2 tu, na vingi siku hizi ni vya polisalfoni. Sasa damu ikiingia mle, ndani ya sekunde chache tu protini zishajibandika kwenye plastiki. Seli za damu zikija zinakuta utando wa protini za baba mwenyewe, plastiki ishafunikwa, kwahiyo mambo yote yanayofuata yanategemea ni protini gani imekaa pale na imekaaje.

Na kwa nini zinanata? Protini imejikunja, zile sehemu zake zisizopatana na maji imezificha ndani. Ikigusa plastiki ambayo nayo haipatani na maji inaanza kufunguka, zile sehemu zilizojificha zinajilaza kwenye plastiki, na kadiri inavyokaa ndo inazidi kushika, kama yai kwenye kikaango kisicho na mafuta, kulibandua shughuli.

Alafu zinapokezana! Kuna Mholanzi mmoja, Leo Vroman, alikuwa mtafiti wa damu na pia mshairi mkubwa tu huko kwao, ndo jambo hili limepewa jina lake, alianza kuliandika 1962. Albumini ndo nyingi kwenye damu, gramu 35 hadi 50 kwa lita, tena ni ndogo, kwahiyo inawahi kufika. Baadae inakuja faibrinojeni, protini ya kugandisha damu, kubwa mara tano hivi, gramu 2 hadi 4 tu kwa lita lakini inashika kwa nguvu, inaing'oa albumini inakaa yenyewe, na yenyewe inaweza kuja kuondolewa na nyingine. Albumini ikitawala pale kunakuwa na utulivu. Faibrinojeni ikikaa na kubadilika umbo, pleitileti, zile chembe ndogo za damu zinazoziba jeraha, zinaishika, zinaamka, zinaita wenzao, damu inaanza kuganda. Ile mistari uliyoiona ni vijimrija vilivyoziba hivyo, vingine vikisafishwa na maji ya chumvi vinarudi vyeupe, hivyo vinabaki na wekundu wake.

Heparini haiuondoi ule utando shoga, inaipa nguvu antithrombini, ambayo ni protini ya damu hiyohiyo, izime mnyororo wa kuganda. Hata Willem Kolff, Mholanzi mwingine, alipotengeneza figo bandia kule Kampen 1943 kwa selofani ya kufungia soseji, ilibidi atumie heparini. Watu wamejaribu kupaka plastiki nyuzi za polietilini glaikoli zinazoshika maji ili protini ikifika ikutane na maji, na inapunguza kweli, ila ukuta wa mshipa wetu haujapata mpinzani kwasababu wenyewe uko hai, kila saa unatoa vitu vya kuzituliza pleitileti.

Kwahiyo mistari michache isikutishe, hiyo inatokea. Ila kama filta karibu yote imekuwa nyeusi, au inaganda kila mara, muulize daktari, wataangalia dozi na jinsi damu inavyotoka kwenye mshipa. Na kabla hajaunganishwa wambieni manesi kama fizi zinatoa damu, kama choo ni cheusi, kama ameanguka au anataka kung'oa jino, usimwachie baba aseme mwenyewe, yule mzee namjua atasema yuko poa tu.

Nitakupigia Jumapili jioni tuongee kuhusu fistula, ile ya kuunganisha mishipa ya damu kwa ajili ya dayalisisi, nayo umeniuliza na ina maelezo yake marefu.

Wako,
Zuhura