Shukrani kwa dada wa benki, Posta

Dada yangu, jina lako sikuuliza, na hilo linaniuma hadi leo. Siku ile benki, Posta, Dar es Salaam, ulimkuta baba yangu ameinamia karatasi ya maombi yangu ya viza ya kusoma Ujerumani. Tuliona euro 11,904 tukadhani ni ada. Baba alikuwa ameshaanza kutafuta mnunuzi wa shamba.

Ukaketi naye. "Shikamoo mzee. Hii si ada." Ukamweleza taratibu kwamba vyuo vingi vya umma kule havitozi ada ya masomo, ila mchango wa kila muhula. Fedha ile ni ya kujikimu mwaka mzima: inawekwa kwenye akaunti maalumu isiyoruhusu kuitoa yote kwa mara moja, kisha mwanafunzi mwenyewe anapewa euro 992 kila mwezi. Ukatuandikia na yale yanayosahaulika: viza, bima, tiketi, dhamana ya chumba. Zamu yako kwenye foleni ilipita ukiwa bado unaandika.

Shamba halikuuzwa. Ukoo ulichanga, mjomba akakopa SACCOS. Sasa niko muhula wa pili. Asante sana, dada. Baba ameitunza karatasi yenye mwandiko wako ndani ya Biblia yake.