Kibodi yako haina jini, somo

Somo yangu,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, barua pepe yako nimeipata, ile unayolalamika kuwa kibodi ya kompyuta yako inakubadilishia herufi na alama yenyewe, na ule mstari wa Kiarabu uliouombea radhi nimeusoma. Umeandika «اشلاشقه», neno ambalo hapana Mwarabu atakayelifahamu, lakini tazama herufi hizo zinakaa wapi kwenye kibodi: alifu iko penye H, shini penye A, lam-alifu penye B, qafu penye R, he penye I. Ulikuwa ukiandika "habari" kwa vidole vyako vya siku zote, ila kompyuta ilikwishahamia kwenye Kiarabu bila ya kukuaga.

Kwa hiyo huyo fundi anayesema una kirusi na lazima afomati, yaani aifute kompyuta yote, mshukuru, mpe nauli yake, aende zake. Kibodi mpya nayo usinunue, kwani hii uliyonayo haina kosa lolote.

Kinachotokea ni hiki. Ukiwa na lugha zaidi ya moja, Windows inakupa njia ya mkato ya kuhama: Alt ya kushoto pamoja na Shift. Na Ctrl pamoja na Shift inaweza kuwa imewekwa kukubadilishia mpangilio, yaani kitufe gani kitoe herufi gani, ndani ya lugha ile ile. Sasa fikiri kazi yako ya mizigo, siku nzima unaruka baina ya ankara, barua na orodha za bidhaa. Ukitaka kurudi dirisha la nyuma unabonyeza Alt, Shift na Tab. Ukitaka kuchagua maneno bila ya kushika mausi unabonyeza Ctrl, Shift na mshale. Kidole kikisita, ukaviachia vile viwili kabla ya kugusa cha tatu, tayari umeshahama, na wewe macho yako yako kwenye karatasi hukuona kitu. Nani aliyeona busara kuweka amri kubwa hivyo kwenye vitufe vinavyoguswa kila dakika, mimi sijui, lakini mamilioni ya watu wanaoandika lugha mbili wanateseka nayo.

Hata lile la maneno kukimbilia upande wa kulia wa ukurasa lina asili hiyo hiyo. Kompyuta yenye Kiarabu ndani yake ukibonyeza Ctrl na Shift za kulia, aya inageuka ianzie kulia. Bonyeza Ctrl na Shift za kushoto, itarudi.

Lakini lililonichekesha ni "ngómbe" wako. Ulidhani umekosea tahajia, kumbe hapo hukuwa kwenye Kiarabu wala kwenye Kiingereza cha kawaida, ulikuwa kwenye mpangilio unaoitwa United States-International. Huo umetengenezwa kwa watu wanaohitaji alama juu ya irabu, Wahispania na Wareno na wenzao. Ukibonyeza king'ong'o, yaani kile kitufe cha alama ('), hakitokei kitu. Kompyuta inangoja. Ikifuata irabu inaivisha alama, na kwa kuwa sisi king'ong'o chetu karibu kila mara hufuatwa na irabu, basi ng'ambo inakuwa ngámbo, kung'oa inakuwa kungóa. Alama za kunukuu nazo hivyo hivyo: fungua nukuu kisha andika "Asubuhi", utapata Äsubuhi kama Mjerumani. Ukikwama humo, bonyeza king'ong'o halafu kitufe cha nafasi, kitatoka kizima, kisha uendelee na irabu yako. Ila hiyo ni ya kupitishia siku tu, dawa yenyewe ni kuuondoa mpangilio huo.

Na hiyo @ inayotoka kama alama ya kunukuu ni mpangilio wa Uingereza. Wao wamezibadilishana hizo mbili: @ yao iko karibu na Enter, na nukuu iko juu ya 2. Laptopu yako si ilitoka kwa mjomba wa London? Basi imekuja na lugha yake.

Sasa fanya hivi. Angalia chini ya skrini karibu na saa, utaona ENG au ع. Bofya hapo, orodha itafunguka na utawaona wageni wote waliomo. Kisha ingia Settings, Time & language, halafu Language & region. Penye Kiingereza bofya vidoti vitatu, chagua Language options, na chini utaona Keyboards. Acha mmoja tu, ule wa US, kwa sababu umeniambia vitufe vyako vina @ juu ya 2. International uondoe. Ikiwa Kiingereza cha Uingereza kimeorodheshwa kama lugha ya peke yake, kiondoe chote. Kiarabu kiache, kazini unakihitaji.

Mara nyingine mpangilio unaonekana kule chini penye saa lakini kwenye orodha ya Settings haumo, sasa utaondoaje kisichokuwepo? Uongeze kwa mkono, kisha uuondoe. Inaonekana upuuzi, lakini inafanya kazi.

Baada ya hapo ndiyo tuiue njia ya mkato. Settings, Time & language, Typing, Advanced keyboard settings, kisha Input language hot keys. (Kama bado uko kwenye Windows 10, Typing utaikuta chini ya Devices.) Litafunguka dirisha dogo la kizamani. Chagua mstari wa Between input languages, bofya Change Key Sequence, na pande zote mbili weka Not Assigned. Watu wengi huweka upande mmoja wakasahau wa pili, halafu wakalalamika kuwa haikusaidia. Bofya OK mpaka utoke.

Ukitaka Kiarabu, shika kitufe cha Windows ubonyeze nafasi. Hiyo si rahisi kuibonyeza kwa bahati mbaya, na orodha inajitokeza usoni uone unakwenda wapi. Hapo hapo kwenye Advanced keyboard settings pana kisanduku cha kuruhusu kila dirisha liwe na mpangilio wake. Wewe ungekitia alama: barua ya Kiarabu ibaki Kiarabu, ankara ibaki Kiingereza. Mimi nimekiondoa kwangu kwa sababu kinanichanganya, lakini mimi siandiki lugha mbili kwa saa moja kama wewe.

Limebaki la nywila kukataliwa asubuhi. Ukurasa wa kuingilia una mpangilio wake mbali na wako, na nywila yako ina @ ndani yake, kwa hiyo ikiwa pale pamebaki Uingereza utaandika mpaka ikufungie. Ukishamaliza kusafisha, rudi Language & region, fungua Administrative language settings, bofya Copy settings, na utie alama penye Welcome screen. Zima, washa, ujaribu. Ikiwa akaunti yako ndiyo ya msimamizi wa mashine, hutahitaji ruhusa ya mtu.

Ikiwa baada ya yote hayo bado inahama yenyewe, huenda Shift imenasa kwa vumbi. Bonyeza Windows, Ctrl na O, kibodi ya kwenye skrini itafunguka. Usiguse kitu, utazame tu kama kuna kitufe kinawaka.

Kabla hujaondoa chochote nipigie picha ile orodha ya penye saa unitumie, nione kama hakuna mwingine aliyejificha. Ijumaa baada ya sala niko nyumbani, tunaweza kuifanya kwa simu. Msalimie mama na watoto, na umwambie mjomba wa London tunamkumbuka.

Ni mimi somo yako,
Unguja